Zamu ya kwanza Voi: Mambo ya kujua kabla hujakutana na mgonjwa wa saratani

UMEMALIZA chuo. Barua ya kazi imetoka na umepangiwa Voi. Umeshuka kwenye treni ya SGR na begi moja, joto likakupokea pale pale stesheni, na Jumatatu asubuhi ukaingia wadini na sare mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani.

Wiki ya pili unapewa zamu ya usiku. Saa nne na nusu hivi, nyanya mmoja aliyeletwa kutoka milimani Taita anaanza kuugulia kwa sauti ya chini. Ana saratani ya mlango wa kizazi. Binti yake, mtu wa rika la mamako, anakuja mpaka kwenye meza yako na kusema: “Sista, mama hajalala siku ya tatu sasa. Kweli hakuna kitu mnaweza kumpa?”

Hapo ndipo utajua kama ulifunzwa ama ulipitishwa tu.

Makala haya ni yako wewe unayeanza kazi hospitalini, uwe nesi, afisa wa kliniki, daktari mwanagenzi au mfamasia. Ni yako pia wewe uliye darasani KMTC Voi, na wewe uliyemaliza shule juzi na unajiuliza kama kazi hii utaiweza.

Kwanza elewa ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanasema Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 kwa mwaka, na zaidi ya 29,000 hufariki. Saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio ndizo zinazoongoza. Kaunti ya Taita Taveta, yenye watu 340,671 kwa sensa ya 2019, haijaachwa nyuma katika hilo. Utawaona. Swali ni utawafanyia nini.

Watu wengi wakisikia saratani hufikiria mashine. Kweli, mashine za mionzi ziko miji mikubwa kama Mombasa na Nairobi, na mgonjwa wa Wundanyi au Kasigau hana budi kusafiri. Lakini hebu piga hesabu. Huko Mombasa atakaa wiki kadhaa. Siku nyingine zote za mwaka yuko nyumbani. Akipata homa saa nane usiku, hapandi basi la Nairobi. Ataletwa Moi County Referral hapa Voi, au Wesu, au Mwatate, au Taveta. Na atakayempokea ni yule aliye zamu. Mara nyingi huyo ni mgeni kazini, kwa sababu wageni ndio hupangiwa usiku.

Kwa hivyo mtu asikudanganye ati saratani ni mambo ya wataalamu wa Nairobi. Tiba yenyewe, sawa. Lakini kumtunza mgonjwa ni kazi yako, na kunafunzwa. Tuanze.

Maumivu: uliza, pima, angalia saa

Jambo la kwanza ni kuuliza. Inaonekana rahisi, lakini wazee wetu wengi hawalalamiki. Mzee atakwambia “niko sawa tu mwanangu” huku ameshika shuka kwa nguvu.

Njia nyepesi inayotumika sana Afrika ni ya mkono. Mwambie mgonjwa afunge ngumi: hiyo maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo, vitano ni yale yasiyovumilika. Nyanya ambaye hajui kusoma ataelewa, na hata mtoto wa miaka sita ataelewa. Andika idadi ya vidole kwenye faili pamoja na saa. Baada ya dawa, rudi uulize tena.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa ngazi tatu za kutuliza maumivu ya saratani. Chini kuna paracetamol na dawa za jamii ya ibuprofen. Katikati kuna zile za nguvu kiasi kama kodeini. Juu kuna morfini. Mgonjwa akikuonyesha vidole vitano, usimrudishe kwa panadol ati lazima apande ngazi moja moja. Maumivu makali huanza na dawa ya maumivu makali.

La pili ni saa. Morfini ya maji, ile ya kunywa, hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hivyo hutolewa kila baada ya saa nne. Haingojei mgonjwa alie kwanza. Ukingoja alie, umechelewa, na itakuchukua muda mrefu zaidi kumtuliza. Daktari anaweza kuandika dozi ya wakati wa kulala iwe mara mbili ya kawaida, ili mgonjwa na anayemuuguza wasiamshwe usiku wa manane.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hofu. Morfini inaogopwa na wagonjwa, inaogopwa na jamaa zao, na inaogopwa na sisi wenyewe wenye sare. Wengine husema ni dawa ya kumuaga mtu. Wengine husema mgonjwa atakuwa mraibu. Haya yote utayasikia kwenye korido.

Mgonjwa anayepewa morfini kwa sababu ya maumivu, kwa dozi inayoanza ndogo na kuongezwa pole pole, ni nadra kugeuka mraibu. Dawa yenyewe haiharakishi kifo ikitumiwa hivyo. Kitu cha kuangalia ni usingizi mzito usio wa kawaida na pumzi zinazokwenda pole kupita kiasi. Ukiona hayo, usitoe dozi nyingine. Ita daktari mara moja. Kuwa mwangalifu zaidi na wazee na wenye matatizo ya figo.

Kuna moja ambalo wageni husahau: morfini hufunga choo. Si labda, ni karibu kila mtu. Dawa ya kulainisha choo inafaa kuandikwa siku ile ile morfini inapoandikwa. Mgonjwa akikaa siku tano bila kwenda choo, atakataa morfini, na hutamlaumu. Kichefuchefu nacho huja siku za kwanza kisha hupungua. Mwambie mapema, asije akadhani dawa imemkataa.

Usiogope pia lile kabati la DDA lenye kufuli. Kitabu chake, sahihi mbili, kuhesabu kila zamu: hayo yamewekwa ili dawa isipotee. Hayakuwekwa ili dawa isitumike. Jifunze kujaza kile kitabu wiki yako ya kwanza, mchana, ukiwa na mwenzako mzoefu. Usingoje kujifunza usiku ukiwa peke yako.

Na ukitaka kujua hili lina uzito gani, kumbuka kwamba mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wa Kenya waliokuwa wakiteseka kwa maumivu ambayo yangeweza kutulizwa. Morfini yenyewe si dawa ya bei ghali. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu anayejua kuitumia bila woga.

Homa ya 38 haingojei asubuhi

Jambo la pili linaweza kuokoa maisha ya mtu usiku mmoja tu.

Dawa za kemo hupunguza chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Hatari huwa kubwa siku ya saba mpaka ya kumi na nne hivi baada ya dozi. Mgonjwa ametoka Mombasa, yuko nyumbani Mwatate anapumzika, ghafla anahisi baridi. Anafika kwako, themometa inasoma 38.

Kwa mtu mwingine, nyuzi 38 ni kupima malaria na kungoja. Kwa huyu, ni dharura. Kila homa, swali lako la kwanza liwe: “Umewahi kutibiwa saratani? Dawa ya mwisho ulipata lini?” Akijibu ndiyo, na ni majuma machache yaliyopita, mwite daktari hapo hapo. Damu itolewe ya kupima, na antibayotiki ya mshipa ianze ndani ya saa moja. Pima malaria pia, lakini usiache majibu ya malaria yakucheleweshe. Usimuweke kwenye foleni kati ya watu wanaokohoa.

Dharura nyingine huja kimya kimya. Mzee mwenye saratani ya tezi dume analalamika mgongo. Sawa, wazee wote huumwa mgongo. Lakini akikwambia miguu imelegea, au hahisi vizuri anapokanyaga, au mkojo umekataa kutoka, basi pengine uvimbe unabana uti wa mgongo. Hapo mnahesabu saa. Akicheleweshwa, anaweza asitembee tena maisha yake yote. Mzee aliyeingia kwa miguu yake hafai kutoka kwa kiti cha magurudumu kwa sababu tulidhani ni uzee.

Jilinde wewe pia

Dawa za kemo huua chembe za saratani, na zikikugusa hazijui kwamba wewe si mgonjwa. Kama hospitali uliyopangiwa inazitoa, usizishike kabla hujafunzwa. Kuna glavu zake, kuna koti lake, kuna namna ya kusafisha zikimwagika. Baadhi zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono. Mgonjwa akisema panachoma, simamisha dripu kwanza, maswali baadaye.

Kama hujafunzwa na mtu anakuambia “we itoe tu, ni kama dripu nyingine,” kataa kwa heshima. Sema: “Hii sijafunzwa, naomba nionyeshwe kwanza.” Hakuna aibu hapo.

Hata kama hospitali yako haitoi kemo, mgonjwa aliyeipata juzi anaweza kulazwa kwako. Kwa kawaida siku mbili za kwanza, mkojo wake na matapishi yake huwa bado na mabaki ya dawa. Vaa glavu. Mfunze pia anayemuuguza nyumbani: avae glavu, aoshe mikono, nguo zilizochafuka azifue kando. Na kama mwenzako au jamaa ni mjamzito, kazi hiyo apewe mtu mwingine.

Maneno nayo ni dawa

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu chuoni mtihani wa maneno haukuwa mkubwa kama wa mifupa.

Kijana wa mgonjwa anakuvuta kando: “Usimwambie mzee ni saratani. Atakufa kwa mawazo.” Utafanyaje? Usigombane naye, na usimwahidi kudanganya. Muulize anaogopa nini hasa. Kisha mwambie hutamlazimisha mzee kusikia asichotaka, lakini akiuliza mwenyewe hutamwambia uongo. Mara nyingi utakuta mzee anajua kitambo. Amekaa kimya akiwaonea huruma watoto wake, nao wamekaa kimya wakimwonea huruma yeye.

Mwaka 2000 madaktari Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha hatua sita za kutoa habari nzito, na leo hufunzwa kote duniani. Kwa Kiswahili chetu ni hivi: tafuta mahali patulivu mkae, muulize anajua nini kuhusu ugonjwa wake, muulize anataka kujua kiasi gani, mwambie kwa maneno mepesi, kidogo kidogo, mpe nafasi ya kulia au kunyamaza, halafu mpange pamoja kitakachofuata. Kutoa majibu ni kazi ya daktari, lakini wewe ndiye utakayebaki karibu na kitanda daktari akiondoka. Swali la “sista, alimaanisha nini?” litakujia wewe.

Angalia lugha pia. Nyanya wa Werugha anaweza kukujibu kwa Kiswahili cha kukuridhisha tu, huku maumivu yake anayajua kwa Kidawida. Kule Taveta kuna Kitaveta, Sagalla kuna Kisagalla. Tafuta mwenzako anayezungumza lugha hiyo. Usimtumie mjukuu wa miaka kumi kumtafsiria nyanya yake habari za saratani ya kizazi. Hapo umewaumiza wote wawili.

Yuko mtu ambaye alibadilisha jambo hili duniani. Cicely Saunders alianza kama nesi London, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha akarudi darasani na kuwa daktari mwaka 1957. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's, hospisi iliyokuja kuigwa kote. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, mawazo, familia na roho. Ndiyo maana mama aliyepewa morfini ya kutosha anaweza bado asilale, kwa sababu karo ya mtoto haijalipwa. Muulize. Huenda huna pesa za kumpa, lakini unajua ofisi ya ustawi wa jamii iko mlango gani.

Karatasi moja, nauli mbili

Kutoka Voi mpaka Mombasa ni kama kilomita 150. Kwa anayetoka Taveta, ongeza zaidi ya 100. Familia imeuza mbuzi kupata nauli. Wanafika kule, wanaambiwa: majibu ya biopsi yako wapi? Hayako. Yamebaki kwenye faili Voi. Warudi.

Hilo ni kosa la dakika tano lililokula mbuzi mzima. Kabla mgonjwa hajaondoka, hakikisha ana barua ya rufaa, majibu ya biopsi, picha zilizopigwa, vipimo vya damu na orodha ya dawa anazotumia. Hakikisha pia usajili wake wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uko sawa kabla ya safari, na kama anahitaji idhini yoyote imeombwa. Mpe morfini ya kumfikisha, na barua ya kuonyesha ni yake.

Akirudi nyumbani, mjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao. Yeye ndiye atakayepita Jumatano na kuona kama dawa imekwisha.

Nani akufunze?

Usingoje semina ya hoteli. Mafunzo mazuri ya mgeni huanza wadini, wiki ya kwanza: siku moja na mfamasia kwenye kabati la DDA, siku moja na anayehudumia wagonjwa wa saratani au wa kutuliza maumivu, siku moja ukikaa kimya pembeni ukisikiliza mzoefu akitoa habari nzito. Kama ratiba yako haina hayo, mwendee msimamizi wa wadi uombe. Nenda na ombi dogo linalotimizika: “Naomba saa mbili Alhamisi nijifunze morfini.” Ni vigumu kukataliwa.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, KMTC hutoa stashahada ya juu ya tiba ya kutuliza maumivu, ile ambayo wengine huiita tiba shufaa. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, imefunza wahudumu kwa miaka mingi. Kuna pia chama cha kitaifa cha hospisi, KEHPCA, kinachoshirikiana na hospitali katika mafunzo hayo.

Na tazama jirani zetu. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi Nairobi Hospice mwanzoni mwake, alihamia Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Walichanganya morfini ya maji kwa rangi tofauti ili nguvu zake zisichanganywe. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni, na manesi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum wakaruhusiwa kuandika morfini wenyewe. Hawakungoja wapate madaktari wa kutosha kila kijiji. Walifunza waliokuwepo.

Mwisho, wewe mwenyewe. Utampoteza mgonjwa uliyemzoea. Utafika nyumbani ushindwe kula. Hiyo haimaanishi umechagua kazi mbaya. Tafuta mwenzako wa zamu mzungumze, na ikizidi kwa wiki kadhaa, mwone mshauri nasaha. Wanaojifanya chuma ndio huanza kuwafokea wagonjwa mwaka wa tatu.

Sasa turudi kwa yule nyanya. Bado ni saa nne na nusu usiku, na binti yake bado amesimama mezani pako.

Inuka uende naye mpaka kitandani. Chutama uwe sawa na macho ya nyanya, umwamkie, umwonyeshe mkono. Anainua vidole vitano. Angalia faili: paracetamol tu. Mpigie daktari wa zamu na umwambie kwa ufupi: vidole vitano, hajalala siku tatu, pumzi ziko sawa, naomba uje umwone kwa ajili ya morfini. Anakuja, anaandika, anaongeza dawa ya choo. Mnafungua kabati, mnatia sahihi mbili. Saa tano nyanya anakunywa.

Saa sita rudi na umuulize. Vidole viwili. Saa tisa dozi nyingine. Saa moja asubuhi nyingine, na safari hii unakuta binti amelala kwenye kiti, kichwa kwenye ukingo wa kitanda.

Unapokabidhi zamu, usiseme tu “kitanda cha nne alilala vizuri.” Sema dawa ni gani, vidole vilikuwa vingapi, na kwamba dozi inayofuata ni saa tano kamili. Kisha hakikisha imeandikwa.